Sanamaki na Kipimo Chake

Sanamaki ni jani lililotujia kutoka ng'ambo ya bahari pamoja na jina lake. Waarabu huliita sana ya Makka, na ulimi wa pwani ukayafunga maneno mawili yakawa moja. Sana hiyo si ile ya "asante sana", ingawa nikitazama linavyonywewa Dar es Salaam, hushuku kuwa wapo waliozichanganya.

Katika nyumba tulizokulia, jani hili lilikaa kabatini pamoja na haluli na mafuta ya mbarika. Lilichukuliwa kwa ncha za vidole vitatu, likaroweka katika maji ya moto, likanywewa usiku mmoja, kisha basi. Mjamzito alinyimwa, mtoto mdogo vilevile. Na usiku ule ulikuwa na sababu yake. Kiini cha sanamaki hupita tumboni kimya mpaka kifike katika utumbo mpana. Huko bakteria hukivunja, ndipo utumbo unapoamka na kusukuma. Kazi hiyo huchukua saa 6 hadi 12. Anywaye baada ya isha huitikia wito alfajiri, akiwa kwake.

Siku hizi, ukipita Tandika, Mbagala Rangi Tatu au Mwananyamala, hulitafuti jani. Lenyewe hukutafuta kwa kipaza sauti. Limesagwa, limetiwa katika vipakiti, nalo laahidi kusafisha tumbo, kuyeyusha kitambi na kung'arisha uso. Ahadi hizo naweza kuzicheka. Linaloniudhi ni neno la mwisho la muuzaji: halina madhara, kwa kuwa ni la asili. Muhogo mchungu nao ni wa asili, na kila aliyezaliwa pwani ajua kwa nini hautafunwi mbichi.

Shangazi yangu wa Mbagala aliliamini neno hilo miezi kadhaa, pakiti moja kila usiku. Ana shinikizo la damu, na miongoni mwa vidonge vyake kimo cha kumpunguza maji mwilini. Miguu ikaanza kulegea, misuli ikamkaza usiku, moyo ukawa kama unaruka pigo. Hospitali daktari alimwuliza anatumia dawa gani, akavitaja vidonge vyote kwa ufasaha. Damu ilipopimwa, potasiamu ilikuwa imeshuka mno. Ni muuguzi aliyeuliza vingine: "Na usiku, mama, kabla ya kulala unakunywa nini?"

"Majani tu, mwanangu."

Kumbe kidonge kilikuwa kikiitoa potasiamu kwa mkojo, na jani likiitoa kwa choo. Navyo vyote viwili vilikuwa vikimkausha maji. Upungufu kama huo huuvuruga mpigo wa moyo, na kwa anayetumia digoksini hatari huzidi.

Madhara mengine ni mepesi zaidi: msokoto wa tumbo, kuharisha, mkojo kugeuka mwekundu, jambo linalotisha bure. Matumizi ya muda mrefu huutia weusi ukuta wa utumbo mpana. Tena wapo wanaoliacha, choo kikawa kigumu kuliko mwanzo, wakaliongeza.

Mpenzi msomaji asidhani ninalitukana jani. Sanamaki imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ikiwa na kipimo chake. Nchini kwetu tiba asili ilianza kuchunguzwa katika kitengo maalumu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1974, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ikapitishwa 2002. Kile kipakiti cha shangazi hakikuwa na kipimo wala onyo. Kilikuwa na picha ya mwanamke mwembamba akitabasamu.

Sasa anakula mapapai, anakunywa maji, na jioni hutembea hadi kituo cha daladala na kurudi. Majani yaliyobaki hakuyatupa. Ameyahamishia katika kopo lile anamoweka vidonge vyake, na akienda kliniki hulibeba kopo zima.