Sekunde Tano za Baba

Baba yangu alifundisha Kiswahili shule za msingi kwa miaka 31, na sasa haoni. Presha ya macho ilianzia jicho la kushoto, sisi tukasema ni uzee tu, na siku tulipofika hospitali jicho la kulia nalo lilikuwa limeshaanza kuaga. Vitabu vyake viko palepale rafuni, hapa nyumbani Tanga. Vile vya Shaaban Robert amevishika kichwani. Ukimsomea ukakosea neno, anakusahihisha kabla hujavuta pumzi. Anachotaka ni kipya: hadithi za vijana, makala, ugomvi wa wahakiki, na magazeti.

Kwa hiyo kila jioni, baada ya magharibi, anavuta kiti chake barazani, mimi nafungua laptopu, namsomea. Nilijaribu programu ya kusoma kwa sauti. Aliisikiliza dakika mbili, akasema inasoma kama karani anayeita majina ya mizigo bandarini. Hilo likaishia hapo.

Laptopu yenyewe niliinunua mtumba. Ina RAM ya GB 4, diski ya zamani ya kuzunguka, na ndani nimeweka Debian, mojawapo ya zile familia za Linux. Niliichagua Linux kwa sababu ni bure na kwa sababu mashine ilikuwa inapumua kwa shida kabla yake. Na kwa muda ilikwenda vizuri. Kisha, sijui ni lini hasa, mtandao ukaanza kuwa mzito. Nabofya kiungo, kivinjari kinakaa kimya. Ukurasa mweupe. Baba naye kimya, mikono juu ya fimbo. Ukurasa unakuja, tunasoma aya nne, nabofya sehemu ya pili, kimya tena.

Mwanzoni aliujaza ule ukimya kwa visa vya ualimu wake. Baadaye visa vikaisha. Jioni moja akasema, "Acha tu, mwanangu. Tutasoma kesho." Kesho yake hakuvuta kiti. Siku ya tatu nilimuuliza, "Baba, tusome?" Akajibu, "Wewe umechoka na kazi, pumzika." Msomaji, mimi namjua mzee huyu. Hakuwa ananihurumia uchovu. Alikuwa anajiondoa ili asiwe mzigo.

Nikaenda kwa fundi mjini. Aliigeuza mashine mara moja tu, akasema imezeeka, nitafute nyingine, anayo moja ya laki saba. Laki saba ni dawa ya matone ya Baba kwa miezi mingi. Nikarudi nayo vilevile kwapani.

Nilianza kuulaumu mtandao, kama tunavyofanya wote. Nilinunua kifurushi kikubwa zaidi. Hakuna kilichobadilika. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza: nilishika simu, nikaiunganisha kwenye Wi-Fi ileile, nikafungua ukurasa uleule. Ukafunguka papo hapo. Kumbe ruta haina kosa, na kifurushi hakina kosa. Mkongo wa baharini uliofika pwani yetu mwaka 2009 nao ulikuwa unafanya kazi yake. Mwenye kosa alikuwa mapajani mwangu.

Jioni hiyo nilimbembeleza Baba akae nami, nikasema najaribu tu. Nikabofya. Yeye, kwa sauti ya mwalimu anayesimamia mbio za shule, akaanza: "Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano." Na ukurasa ukaanza kushuka. Nikafungua tovuti nyingine. "Moja, mbili, tatu, nne, tano." Ukaja.

"Huwa ni tano," akasema. "Sikukwambia? Ya kwanza ni tano kila mara. Mtu mvivu hachelewi sawasawa kila siku. Huyo wako anasubiri kitu."

Basi bwana, nilikaa nikamtazama mtu asiyeona, aliyekuwa ameona nilichoshindwa kukiona kwa miezi. Uzito hupanda na kushuka. Kungoja kwa kipimo kilekile ni amri ya mtu: kuna mahali mashine imeambiwa "subiri sekunde 5, ukikosa jibu endelea."

Hebu nieleze kidogo. Unapoandika jina la tovuti, kompyuta hailijui jina. Inajua namba. Zamani majina yote ya mtandao na namba zake yaliwekwa katika faili moja lililotunzwa na taasisi ya SRI, Marekani, na kila mwenye kompyuta alilinakili. Majina yalipozidi, mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni mfumo wa DNS, ambamo kompyuta huuliza seva: "Fulani anakaa wapi?" Linux huandika anwani za seva za kuulizwa katika faili dogo liitwalo /etc/resolv.conf. Inaanza kuuliza ya juu. Isipojibu, kwa kawaida husubiri sekunde 5, kisha huuliza ya pili.

Nikafungua terminali, nikaandika amri ya kulisoma hilo faili. Mistari miwili. Ule wa pili ulikuwa ruta yangu. Ule wa kwanza ulikuwa anwani inayoanzia na 10, ambayo sikuitambua, kisha nikaitambua, nikaona aibu.

Nilipata wakati fulani kazi ya mkataba ya kutafsiri, nikiifanyia nyumbani. Fundi wao aliniambia niandike anwani ya seva ya ofisi kwa mkono kwenye mipangilio ya Wi-Fi, juu ya ile ya ruta, ili niyafikie mafaili yao. Nikaandika. Mkataba ukaisha, njia ya kuingilia ofisini ikafungwa, anwani ikabaki. Kwa hiyo kila nilipomfungulia Baba ukurasa, laptopu yangu ilikwenda kwanza kubisha hodi kwenye nyumba ambayo nilishafukuzwa. Inabisha, inangoja sekunde 5, haijibiwi, ndipo inarudi kwa jirani. Tena ukurasa mmoja wa siku hizi huita majina mengi: picha kwa huyu, herufi kwa yule, matangazo kwa wengine kumi. Kila jina jipya, hodi upya.

Nikaufuta mstari ule kwenye mipangilio, nikazima Wi-Fi, nikawasha. "Baba, hesabu."

"Moja—" akasema, na ukurasa ukawa umefika.

Ningependa kuishia hapo, lakini si kweli kwamba yote yaliisha. Ilibaki polepole ya pili, ile isiyo na kipimo: ilikuwa ikiongezeka kadiri usiku unavyokwenda, na taa ya diski ikiwaka bila kupepesa. Nikaandika free -h, amri inayoonyesha matumizi ya kumbukumbu. RAM ilikuwa imejaa, na mashine ilikuwa imeanza kuhamishia mambo kwenye swapu, yaani kipande cha diski kinachotumika kama stoo RAM ikijaa. Diski ya kuzunguka ikigeuzwa stoo ya namna hiyo, kila kitu husimama kwenye foleni.

"Nini kimejaa?" Baba akauliza.

Nikahesabu vichupo vilivyokuwa wazi kwenye kivinjari. 83. Makala za fasihi, mahojiano ya waandishi, tahakiki za riwaya ambazo sijazisoma, zote nikijiambia nitazisoma wikendi. Nilimwambia.

Alicheka mpaka akakohoa. "Yaani umefungua vitabu 83 mezani, na hujui kwa nini meza haina nafasi? Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningemwambia asome kimoja, akifunge, akirudishe."

Zipo dawa za kiufundi, nami nilizitumia. Niliweka kizuia matangazo. Nilishusha kipimo kiitwacho vm.swappiness, ambacho kwa kawaida ni 60, nikakiweka 10, ili mashine isikimbilie swapu haraka. Vilisaidia, ila hakuna kipimo kinachoiongezea RAM hata chembe. Ilinibidi nifunge vile vichupo. Na iliniuma, wala sitanii. Kila nilichokifunga kilikuwa ahadi niliyojipa kwamba mimi ni msomaji. Wewe unayesoma hapa huenda unavyo vyako, na unajua ninachosema.

Nilichukua daftari, nikaandika vichwa vyote 83, nikafunga kimoja kimoja. Ikanichukua karibu saa nzima. Baba alikaa hadi mwisho, nami nikimsomea kila kichwa kabla ya kukifunga. Vingine alisema, "Futa, huyo hana jipya." Vingine alisema, "Weka alama."

Sasa tunasoma kimoja kila jioni kutoka kwenye daftari. Tumefika cha 26. Ukurasa unafunguka kabla sijamaliza kukaa vizuri, na laki saba haikutoka. Kuna kitu kimoja tu ambacho sikukitarajia: vile visa vya ualimu, vilivyokuwa vikizaliwa kwenye ukimya wa kusubiri, havina tena mahali pa kuingia. Juzi nilipomaliza aya nikaacha kubofya makusudi. Nikakaa kimya.

"Imekwama tena?" akauliza.

"Hapana, Baba. Nasubiri tu."

Akahesabu hadi tano, kisha akaanza kunisimulia habari za shule yake ya kwanza, huko Handeni.