Safari ya Pwani ya Nyasa na Jua Juu ya Paa

Mtu atokaye Songea akitaka kuliona Ziwa Nyasa kwa upande wa Mbamba Bay, njia yake kuu hupita Mbinga. Mwendo wa kutoka Songea hadi Mbinga ni kadiri ya kilomita 100. Mji wenyewe uko milimani, zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai baridi yake humfanya mtu wa pwani aulize kama bado yuko Tanzania. Pande zote ni mikahawa, na juu ya miteremko mikali yaonekana mashamba ya ngolo, ambayo ni ustadi wa Wamatengo tangu zama za babu zao. Hukata nyasi, wakazipanga kwa miraba, wakazifunika udongo, kisha wakapanda mazao juu ya kingo. Katikati ya kila mraba hubaki shimo la kupokea maji ya mvua yasichukue udongo bondeni. Hapana kipimo kilichoandikwa, walakini kila tuta lina mahali pake.

Sisi tulikuwa watano ndani ya basi dogo tuliloligeuza nyumba ya safari: vitanda, jiko dogo, na friji iendeshwayo kwa betri. Friji hiyo haikuwa anasa. Mama yetu, ambaye sasa ni mkongwe, ana maradhi ya kisukari, naye alitamani kuiona tena Mbamba Bay alikozaliwa. Insulini isiyofunguliwa hutakiwa kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikipata joto jingi hupoteza nguvu, na ikiganda haifai tena. Basi uhai wa safari nzima ulikuwa ndani ya kisanduku kile.

Kabla ya kuondoka Dar es Salaam nilimtafuta mtu wa kufunga umeme wa jua juu ya gari, nikamchagua yule aliyetaka fedha kidogo. Alibandika paneli juu ya bati kwa gundi, akateremsha waya mwembamba, akauunga kwenye betri kuukuu ya kuwashia gari, akasema kazi imekwisha. Taa iliwaka, friji ikanguruma, nami nikajiona mwerevu.

Tulipokaribia Mbinga, binti yangu alisema, "Baba, pana harufu ya mpira unaoungua." Nilisimamisha gari, nikafunua godoro ambalo wadogo zake walikuwa wamelala juu yake. Chini yake waya ulikuwa umesuguliwa na ukingo wa chuma hadi ngozi yake ikatoka, nao ulikuwa wa moto usioshikika. Niliukata kwa koleo huku mikono ikitetemeka. Lau tungalikuwa tumelala sote, sijui ningeliandika nini leo. Friji ikazimika, na Mama akauliza kwa sauti ya upole, "Mwanangu, na dawa yangu je?"

Tuliingia mjini tukaulizia fundi wa umeme wa jua. Tulielekezwa kwa kijana mmoja aliyesomea kazi yake katika chuo cha VETA Songea. Alimwamkia Mama, "Shikamoo, Bibi," kisha kabla ya kugusa chochote akamwuliza dawa iko wapi. Mkewe aliipeleka nyumbani kwao, akaiweka katika friji yao, mbali na sehemu ya barafu. Kisha kijana akatuonyesha leseni yake ya EWURA, ambayo ndiyo mamlaka itoayo ruhusa kwa mafundi wa umeme, bila ya kuombwa.

Nilidhani ataanza na bisibisi. Kumbe alianza na kalamu. "Mzee," aliniambia, "tuhesabu kwanza mnachokula, ndipo tujue mtakachopika." Friji ilikuwa ya wati 45, nayo hufanya kazi kadiri ya nusu ya siku, yaani saa 12, basi hutumia wati-saa 540. Taa mbili za wati 5 kwa saa nne ni 40. Simu akazipa 20. Jumla ni 600 kwa siku. Paneli ya wati 200, ikipata jua kamili kadiri ya saa nne na nusu, hutoa 900. Ukiondoa robo kwa ajili ya joto, vumbi na upotevu wa njiani, hubaki 675. Betri ya sola ya volti 12 na amperi-saa 100 huweka wati-saa 1,200, lakini betri ya risasi haitakiwi kumalizwa zaidi ya nusu, la sivyo hufa mapema. Nusu hiyo ni 600, yaani chakula cha siku moja ya mawingu. Paneli yangu ya kwanza ilikuwa ya wati 80, hivyo isingaliweza kuilisha friji hiyo hata kama ingalifungwa na malaika.

Kesho yake alifanya kazi tangu asubuhi hadi alasiri. Paneli mpya aliifunga kwa vyuma na skrubu, akaacha nafasi ya vidole vinne chini yake ili upepo upite. Alitueleza kwamba paneli ikizidi nyuzi 25 za joto, kila digrii inayoongezeka hupunguza nguvu yake kadiri ya sehemu 4 katika 1,000, na bati la gari juani ni kama kikaango. Akatumia waya mnene wa milimita 6 za mraba, na pale ulipopenya paa akauvalisha mpira usisuguliwe. Karibu kabisa na betri akatia fyuzi, ili waya ukipata hitilafu fyuzi ikatike kabla ya moto kuzaliwa. Betri akaifunga kwa mkanda. Kidhibiti cha chaji akakiunga kwanza na betri, na paneli ikafuata mwisho. Mwishowe alichora njia zote za waya kwenye karatasi, akaibandika ndani ya mlango ili fundi mwingine asipapase gizani.

Malipo yake yaliyazidi ya yule wa kwanza, na tena nilikuwa nimekwisha kulipa mara moja. Ndiyo hasara ya urahisi: mtu hununua kitu kimoja mara mbili.

Huko Mbinga wazee wa mji walinisimulia zamani za umeme wao. Kabla ya njia kuu ya Makambako hadi Songea kukamilika mwaka 2018, umeme wa upande huu ulitegemea sana mitambo ya dizeli, na dizeli ikichelewa giza halichelewi. Kwa hiyo watu wa huku waliijua paneli mapema, na wanajua pia tofauti ya iliyofungwa na iliyobandikwa.

Siku ya tatu tuliteremka. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 za lami, yenye kona juu ya kona, na joto huongezeka kila bonde, kwani ziwa liko chini, yapata mita 475 tu juu ya bahari. Katika kona moja maji yalitokea ghafla, samawati, na milima ya Malawi ng'ambo kama wingu. Mama alimwomba dereva asimame. Hakusema neno kwa muda mrefu.

Jioni jua lilizama upande wa Malawi, na giza lilipoingia wavuvi wa dagaa walitoka na taa zao. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Sasa nyingi ni taa za betri, na baadhi yake hupata chaji kwa jua la mchana. Ziwa likawa kama mji. Binti yangu alifungua friji akasoma kipimajoto: nyuzi 5. Mama alichoma sindano yake, akala ugali na samaki wa kwao, akalala akisikia mawimbi ya utotoni mwake.

Vijana wetu mnaonunua paneli kwa gari, kwa duka au kwa nyumba ya wazazi, jua ni la bure, lakini waya wake waweza kuichoma nyumba kama waya mwingine wowote. Basi mwulizeni fundi hesabu yake kabla ya bei yake, na mwulizeni fyuzi iko wapi. Asiyeweza kujibu hayo mawili, mlipeni nauli yake arudi kwao.