Neno "Lakini" Kizimbani

Anayetoka Tegeta kwenda Madale huiacha nyuma yake milima ya Wazo, ambako kiwanda cha saruji kimekuwa kikisaga mawe tangu miaka ya 1960, akaingia katika nchi ya nyumba zisizokwisha. Kuta zimesimama bila ya paa, nguzo zimechomoza nondo zikingojea ghorofa ya pili, na kando ya viwanja pana marundo ya mchanga na kokoto. Watu wengi wa huko huishi kwa jasho la ujenzi: kuna anayejenga, kuna anayejengewa, na kuna anayelinda kilichojengwa. Na palipo na mali ya wazi, ujira wa ahadi na mkataba wa mdomo, ugomvi hauko mbali.

Na afikiriwe fundi mmoja wa huko. Hapewi jina hapa, kwa kuwa watu wa hali yake ni wengi. Mwenye nyumba amemcheleweshea ujira wa wiki tatu. Siku moja akamwambia kwa simu, "Hizo nondo zilizobaki chukua wewe, tutahesabiana." Fundi akazichukua mchana kweupe, akaziuza, akanunua unga na kulipa kodi ya chumba. Mwezi haujaisha wakakosana kwa jambo jingine, na mwenye nyumba akaenda polisi. Sasa fundi amesimama kizimbani wilayani Kinondoni, hana wakili, na shtaka ni la wizi. Anasomewa, kisha anaulizwa kama ni kweli ama si kweli. Naye, aliyelelewa asimdanganye mkubwa, anajibu: "Ni kweli, mheshimiwa, nilizichukua, lakini..."

Hapo ndipo maisha ya mtu yanapopita katika tundu la sindano. Kwa sheria ya Tanzania, kuchukua peke yake si wizi. Sharti mchukuaji awe amechukua kwa hila, na bila ya kuamini kwa dhati kwamba ana haki juu ya kile alichokichukua. Basi utetezi wote wa fundi huyu umo katika neno moja, nalo ni "lakini". Karani akiandika "ni kweli" na kuinua kalamu, mtu ameungama. Akiendelea kuandika mpaka mwisho wa sentensi, mtu amekana.

Wanasheria wa Afrika Mashariki walikwisha kuiona hatari hiyo. Mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Adan lililotoka Kenya, iliweka utaratibu ambao mahakama za Tanzania nazo huufuata hadi leo. Shtaka na kila kiungo chake lielezwe kwa lugha anayoifahamu mshtakiwa. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kadiri inavyowezekana. Akikiri, upande wa mashtaka utoe maelezo ya tukio, kisha mshtakiwa aulizwe kama anayakubali, anayapinga, au ana la kuongeza. Na ikiwa atakaloliongeza linazua shaka juu ya kosa lenyewe, kukiri kufutwe na iandikwe kuwa amekana. Kwa maneno mengine, mahakama imeagizwa isubiri "lakini".

Watu hudhani kwamba mshtakiwa husema siku moja tu, ile siku ya kujitetea. Sivyo. Husema anapojibu shtaka. Husema tena katika usikilizwaji wa awali, anapoulizwa ni mambo yapi hayabishaniwi. Husema kila shahidi anapomaliza ushahidi wake, maana ana haki ya kumwuliza maswali. Mlango huu wa maswali ndio wenye kizingiti kirefu. Mtu asiyesoma sheria, akipewa nafasi ya kumhoji shahidi, aghalabu hajui kuuliza, hubisha. Husema, "Huyu mwongo, mheshimiwa," naye huambiwa aulize swali. Akikosa la kuuliza hunyamaza, na kunyamaza huko kuna bei: mahakama zimeshikilia mara nyingi kwamba asiyemhoji shahidi juu ya jambo zito huhesabiwa kuwa amelikubali. Fundi wetu angehitaji swali moja tu: "Je, hukunipigia simu ukaniambia nizichukue?" Lakini nani atamfundisha kwamba hilo ni swali, na kwamba wakati wake ni huu wala si kesho?

Ushahidi wa mashtaka ukifungwa, hakimu huamua kama mshtakiwa ana kesi ya kujibu. Asipokuwa nayo, huachiwa bila ya kutamka hata neno. Akiwa nayo, sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inamtaka hakimu amweleze haki zake: anaweza kutoa ushahidi kwa kiapo, anaweza kuutoa bila ya kiapo, anaweza kuita mashahidi, na anaweza kukaa kimya. Ila sheria hiyo hiyo inairuhusu mahakama, mtu akichagua kimya, kulipima kimya lile dhidi yake. Na mwisho kabisa, akitiwa hatiani, husikilizwa tena kabla ya adhabu. Hapo watu wengi husema kwa mara ya kwanza yale waliyopaswa kuyasema mwanzo: kwamba waliruhusiwa, kwamba walidai, kwamba hawakuelewa. Huyasema wakati ambapo kilichobaki ni kuomba huruma.

Haki hii ya kusema si ya kale kama inavyodhaniwa. Uingereza, ambako taratibu nyingi za mahakama zetu zimechimbuka, mshtakiwa wa kosa kubwa hakuruhusiwa kuwa na wakili wa kumhutubia jaji na baraza kwa niaba yake hadi mwaka 1836, ilimbidi ajisemee. Lakini, kinyume cha mambo, hakuruhusiwa kutoa ushahidi wa kiapo katika kesi yake mwenyewe hadi sheria ya mwaka 1898, kwa hoja kwamba mwenye maslahi hawezi kuaminika. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1975, katika shauri la Faretta, kwamba mtu mwenye akili timamu anayetaka kujitetea mwenyewe hawezi kulazimishwa wakili. Tanzania nayo imeandika kuwa mshtakiwa aweza kutetewa na wakili kama haki yake, na haki haigeuki kuwa pingu. Katika mahakama za mwanzo, hata hivyo, mawakili hawakuruhusiwa kwa miaka mingi, mpaka mabadiliko ya mwaka 2021 yalipowafungulia mlango pale anapoketi hakimu mkazi. Huko kujisemea hakukuwa uchaguzi.

Mwaka huo huo wa 2021 sheria iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Kabla ya hapo, katika mahakama za wilaya na zilizo juu yake, mshtakiwa alisema Kiswahili na kumbukumbu ikaandikwa Kiingereza. Hakimu alikuwa msikilizaji, mwamuzi na mfasiri kwa wakati mmoja, tena mfasiri asiye na muda wa kurudia. Atakaye kujua uzito wa kazi hiyo na ajaribu kukifasiri kile "tutahesabiana" cha mwenye nyumba. Je, ni ruhusa? Ni ahadi? Ni mkopo? Neno moja lina malipo na deni ndani yake, na anayelifasiri kwa haraka anaweza kumfunga mtu bila ya kukusudia.

Kesi iliyowafanya Watanzania wengi walizungumze jambo hili vibarazani ni ya Tundu Lissu. Kiongozi huyo wa chama cha upinzani cha CHADEMA alikamatwa Aprili 2025 na kushtakiwa kwa uhaini, kosa lisilo na dhamana. Tarehe 16 Juni 2025, katika mahakama ya Kisutu, alitangaza kwamba atajitetea mwenyewe, akieleza kuwa amenyimwa nafasi ya kuonana na mawakili wake kwa faragha. Oktoba ya mwaka huo, shauri lilipoanza kusikilizwa Mahakama Kuu, alisimama mwenyewe kumhoji shahidi wa upande wa mashtaka. Uzito wa ushahidi ni wa majaji kuupima. Linalohusu hapa ni kwamba Lissu ni wakili, aliyepata kuwa rais wa Chama cha Wanasheria Tanganyika. Yeye alipoamua kujisemea alikuwa na ulimi uliokwisha nolewa. Mtu wa Madale hujisemea kwa kuwa hana wa kumsemea. Vitendo viwili hivyo vina jina moja, kujitetea, na umbali baina yao ni mkubwa kuliko ule wa kutoka Madale hadi Kisutu.

Visiwani nako kuna kumbukumbu yake. Baada ya kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972, washtakiwa wa uhaini walisimamishwa Unguja mbele ya mahakama ambayo haikuruhusu wakili wa utetezi. Wengine, akiwamo Abdulrahman Mohamed Babu, walikuwa kizuizini Bara. Wakahukumiwa kifo mwaka 1974 bila ya kukanyaga ukumbi ule. Babu aliachiwa mwaka 1978, akaishi miaka mingi baadaye akiandika na kufundisha. Kila alilolisema juu ya mashtaka yale alilisema nje ya mahakama, pasipokuwa na karani wa kuliandika.

Katiba ya Tanzania, ibara ya 13, inasema mtu apewe haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Haikusema apewe haki ya kutamka tu. Kutamka ni kwa mshtakiwa. Kusikia ni kwa mahakama, nayo ndiyo kazi ngumu zaidi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inampa jaji au hakimu uwezo wa kuelekeza kwamba asiye na uwezo apatiwe wa kumtetea. Pale ambapo msaada huo haukufika, kinachobaki ni subira ya anayeketi kitini: kumwuliza fundi, "Lakini nini?"

Naye fundi, akiulizwa hivyo, atavuta pumzi na kueleza habari ya simu, ya wiki tatu, na ya neno "tutahesabiana". Huenda asiaminiwe. Huenda mwenye nyumba akaleta ushahidi mzito zaidi. Lakini maneno yake yatakuwa yameandikwa, na jaji wa rufani, akilifungua jalada lile siku moja, atakuta sentensi iliyokamilika.