Kisigino cha Kuume

Siku za Jumamosi wakati wa kiangazi, sisi watu wanne hutoka mjini Likasi kwenda vilimani ili tujizoeze kupanda miamba. Watatu tumepita miaka hamsini na kazi yetu ni kuwafundisha walimu. Wa nne ni kijana anayesomea ualimu. Kuta za machimbo ya zamani tunaziepuka, kwa maana mawe yake yalipasuliwa kwa baruti na hayaaminiki. Twatafuta mwamba wa asili usiozidi kimo cha watu wawili, wenye majani chini yake, na wenzetu husimama pale wameinua mikono, ili atelezaye aangukie miguu.

Mwanzoni tulipanda kwa mikono. Tulijivuta kama mtu avutaye ndoo kisimani, na kabla ya kufika nusu vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Ilitupasa kujifunza upya: mkono unyooke na kushika tu, mguu ndio ubebe, ncha ya kiatu ikanyage, si katikati ya unyayo, katika viungo vinne, vitatu vitulie kimoja kikitafuta. Hayo husemwa upesi. Kuyatenda kulitugharimu kiangazi kizima, na magoti yetu ni mashahidi.

Lakini hofu ilitushinda zaidi, nayo ina hila. Penye mwamba wa mteremko, aogopaye hulikumbatia jiwe, kifua na shavu vikishikamana nalo. Hapo uzito wake hauzikandamizi tena nyayo juu ya jiwe, naye huteleza. Asimamaye wima, akiacha nafasi kati ya kifua na mwamba, ndiye miguu yake hushika. Mwili haulikubali neno hilo kwa kuambiwa.

Jumamosi moja kijana wetu alikwama, shavu jiweni. Tukampigia kelele sote watatu: usiogope, songa, umekaribia! Mguu wake ukaanza kutetemeka kama cherehani. Akasema bila kugeuka, “Papa, nyamazeni kwanza.”

Tukanyamaza kwa aibu. Tulikumbuka viti vya nyuma darasani, tunakoketi na daftari mapajani tukimtazama mwalimu mwanafunzi akitetemeka mbele ya watoto, nasi tukimnong’oneza kila mmoja lake. Ndipo mmoja wetu akaona kile ambacho kijana hakuweza kukiona, akasema polepole, “Shusha kisigino cha kuume.” Alikishusha, na mtetemo ukakoma.

Hata hivyo hakuendelea. Aliomba kushuka, tukamwonyesha pa kukanyaga, hatua kwa hatua. Alipofika chini, mmoja wetu akamwambia, “Ulibakiza hatua mbili tu.” Maneno hayo yalimchoma. Jumamosi mbili zilizofuata hakuja.

Katika siku hizo tuliikumbuka habari ya Mwitalia Felice Benuzzi, mfungwa wa vita huko Nanyuki, Kenya. Mwaka 1943 alitoroka kambini na wenzake wawili ili wapande Mlima Kenya, wakiwa na shoka za barafu walizozitengeneza kwa nyundo. Mmoja aliugua njiani. Wawili waliosalia walikijaribu kilele cha Batian, chenye meta 5,199, wakashindwa, wakageuka. Kisha wakapanda Lenana, kilicho chini yake, na wakarudi wenyewe kambini. Hatujasikia mtu akiwahesabia hatua walizobakiza.

Tulikwenda nyumbani kwa kijana kumwomba msamaha. Alitupokea vema, akaweka sharti: mtu akiwa mwambani, anene mmoja tu, na aseme pa kuweka mguu, si namna ya kuwa na moyo.

Alirudi. Mwamba ule hajaupanda bado mpaka juu, wala hatumwulizi. Juma lililopita ilikuwa zamu yetu wazee, na mkubwa wetu alikwama mahali palepale, shavu jiweni. Chini palikuwa kimya, kisha ikasikika sauti moja: “Papa, mguu wa kushoto. Chini kidogo. Hapo.”