KANISA LA MKUNAZINI

Kutoka Amani hadi Unguja ni safari ndefu: basi la Muheza, basi la Dar es Salaam, kisha boti. Lakini sisi akina mama tulitaka kuliona kanisa la misheni ile iliyofungua kituo cha Magila, chini ya milima yetu, miaka ya 1860.

Askofu Edward Steere alilijenga kwa mawe ya matumbawe, mahali palipokuwa soko la watumwa hadi mwaka 1873. Nguzo kadhaa zimesimamishwa juu chini, eti askofu alikuwa safarini! Tulicheka. Mbele ya altare kicheko kiliisha. Duara jeupe la marumaru sakafuni laonyesha, kwa masimulizi, mti wa kuchapia watumwa uliposimama.

Mwenzetu Msambaa aliuliza, “Na watu wetu waliuzwa hapa?”

Waliuzwa. Baada ya Kimweri kufa mwaka 1862, waliogombania ufalme wake waliuza raia wao pwani wapate bunduki. Nyumbani tumezoea kumtaja Mwarabu peke yake.

Nje kuna sanamu za watumwa watano, shingoni minyororo, ndani ya shimo. Tulikaa pale mpaka boti ikakaribia kutuacha.