Kwa Nini Nilifuta Ile Video ya Nesi

Wasee, wengi mmeniuliza ile video ya nesi ilienda wapi. Niliifuta. Sikutishwa na wakili wala kupigiwa simu na mkubwa yeyote. Ni anti yangu alinipigia usiku akaniambia, "Huyo unayemcheka ndiye alinizalisha. Saa tisa usiku, stima imepotea, na tochi ya simu kwa mdomo."

Wacha nianze mwanzo, kwa wale hawakuiona.

Anti anaishi upande wa Kitui, ukishuka ile lami ya Kitui kwenda Kibwezi, ukipita Mutomo. Ana kijana wa miaka minne. Hapa nitamwita Mwendwa, si jina lake. Mwendwa ana afya, anakimbia kama mwanambuzi, lakini haongei. Alipokuwa na mwaka na nusu alikuwa na maneno matatu: mama, maji, na jina la mbwa wao. Halafu yakapotea, moja baada ya lingine. Ukimwita hageuki. Lakini fungua pakiti ya biskuti chumba kile kingine, huyo ameshafika. Anaweza kukaa saa nzima akizungusha gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa. Vifuniko vya soda anavipanga mstari mrefu, na ukisogeza kimoja tu, kilio chake majirani watakisikia.

Anti hakukaa tu. Kuna mzee alimwambia mtoto akatwe kamba ya ulimi. Kuna waliomwambia ni laana ya ukoo. Alienda maombi. Na hospitali alienda mara tatu, hospitali yenyewe sitaitaja. Mara ya kwanza aliambiwa wavulana huchelewa kuongea. Mara ya pili akaambiwa anamdekeza. Mara ya tatu nilikuwa naye. Nesi alimwita Mwendwa kwa jina, mara mbili, mtoto hakumwangalia. Alikuwa ameziba masikio kwa sababu ya kelele za benchi. Nesi akasema, "Huyu ni mkaidi tu. Mama, hujamfundisha adabu." Watu kwa laini wakacheka. Anti akainamisha kichwa.

Mimi nilitoka nje ya geti nikafungua kamera. Dakika mbili. Nikaigiza sauti ya nesi, nikamwita mjinga, nikasema hawa watu wanalipwa kutudharau. Unajua kilichofuata. Ikatazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kuweka. Kila mtu kwa komenti alikuwa na nesi wake mbaya.

Simu ya anti iliniuma, lakini kusema ukweli, si hiyo peke yake ilinifanya nifute. Kuna komenti moja ilipata mapenzi mengi sana: "Mimi ndio maana sipeleki wangu chanjo, hizo sindano ndizo zinaleta hii kitu." Na chini yake, akina mama wakikubaliana.

Huo ni uongo wa zamani. Ulisambazwa na daktari Mwingereza, Andrew Wakefield, kwa makala ya mwaka 1998 kwenye jarida la Lancet. Jarida lenyewe liliifuta makala hiyo mwaka 2010, na mwaka huohuo Wakefield akaondolewa kwa orodha ya madaktari wa Uingereza. Utafiti mwingi umefanywa tangu wakati huo, na chanjo haisababishi usonji. Lakini video yangu ilikuwa imeupa huo uongo mahali pazuri pa kukaa. Nilidhani nimemtetea Mwendwa, kumbe nafukuza watoto wengine kliniki.

Nikampigia binamu yangu anayesomea uuguzi. Nikamuuliza, nyinyi hamfundishwi mambo ya usonji? Akacheka kidogo. Akasema somo lilipita haraka, na wodini hajawahi kuonyeshwa mtoto hata mmoja. Halafu akanitumia maswali 19 yaliyotengenezwa Nigeria na Muideen Bakare na wenzake, yakachapishwa mwaka 2008, ya kupima kama mfanyakazi wa afya anaujua usonji wa utotoni. Akaniambia, "Jaribu wewe kwanza."

Maswali 8 ni kuhusu mtoto na watu: kutazama machoni, kutabasamu, kucheza na wenzake. Moja ni la lugha. Manne ni ya mambo anayorudiarudia. Sita ni kuhusu usonji ni kitu gani hasa na huanza umri gani. Kuna moja linauliza kama mtoto mwenye usonji anaweza kuonekana kama kiziwi au bubu. Jibu ni ndiyo, na huyo ni Mwendwa mzima mzima. Lakini mengine niliyakosa vibaya. Nilidhani ni ugonjwa wa akili kama ule wa watu wazima wanaosikia sauti. Hapana. Ni tofauti ya jinsi ubongo unavyokua, na huanza utotoni. Mimi niliyemwita mtu mjinga mbele ya dunia nzima nilifeli mtihani uleule.

Na usidhani ni Ukambani tu. Mwaka 2015 watafiti waliochapisha kazi yao kuhusu Pwani yetu, Kilifi na Mombasa, walisikia habari za pepo, uchawi na laana pamoja na sababu za kitabibu, na waliohojiwa hawakuwa wazazi peke yao, wataalamu pia walikuwemo. Hata Marekani, ambako Leo Kanner alieleza usonji wa watoto 11 mwaka 1943, madaktari walikaa miaka mingi wakisema chanzo ni mama asiye na upendo. Walikuwa na digrii zote, na bado walimlaumu mama. Yule nesi wetu alirudia kosa ambalo maprofesa walilifanya kabla yake.

Lakini kuelewa si kunyamaza, kwa sababu makosa haya yanakula miaka. Fikiria mtoto wa Kenya anamwona nesi mara ngapi. Akizaliwa. Wiki ya 6, ya 10, ya 14. Mwezi wa 6, mwezi wa 9, mwezi wa 18. Daktari wa watoto huenda asimwone maisha yake yote, lakini nesi anamshika mkono kabisa. Na mwezi wa 18, ile sindano ya pili ya surua, ndio wakati dalili nyingi zinaweza kuonekana: haonyeshi kitu kwa kidole, haitiki jina lake, maneno yamerudi nyuma. Ndani ya kile kijitabu cha kliniki kuna ukurasa wa hatua za ukuaji. Cha Mwendwa nilikifungua. Kilo zimejazwa, chanjo zote zimejazwa. Ule ukurasa ulikuwa mweupe. Hakuna nesi aliuuliza, na hakuna mtu kwetu aliwahi kuusoma, mimi nikiwemo.

Baada ya kufuta video niliandika kwa nini. Nesi mmoja wa upande wa Makueni akaniandikia inboksi. Hakunitukana. Alisema siku nyingine anahudumia laini yote peke yake mpaka jioni. Halafu akauliza kitu ambacho bado sijakijibu vizuri: "Nikimwambia mama mtoto wake ana dalili za usonji, namwambia ampeleke wapi? Neno bila mahali pa kwenda ni kumtesa tu."

Akatuambia tumlete Mwendwa. Anti akapanda gari, wakavuka mto Athi. Yule nesi hakumwita jina. Alichuchumaa, akaweka kifuniko kimoja cha soda chini, akangoja. Mwendwa akakitazama. Akakiweka sawa. Nesi akaweka cha pili. Dakika kumi hivi, bila kelele. Halafu akamwambia anti, "Mwaitu, hujakosea popote," na anti akalia pale pale.

Akaandika barua. Kwanza masikio yapimwe, ili tujue anasikia. Halafu hospitali ya rufaa ya kaunti, kwa daktari na mtaalamu wa tiba ya vitendo. Halafu kituo cha EARC, vile vya wizara ya elimu vya kupima watoto wenye mahitaji maalum, vilivyoanza mwaka 1984. Anti alikuwa hajawahi kusikia hiyo EARC. Wewe je?

Sitawadanganya, Mwendwa bado haongei. Hakuna dawa ya kuondoa usonji, na anayekuuzia moja anakuibia. Nauli inamuuma anti kila mwezi. Lakini sasa kijana akitaka maji anaonyesha mtungi kwa kidole. Ni kitu kidogo, lakini tulipiga simu ukoo mzima.

Maoni yangu ni haya. Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Kitui na Makueni hazihitaji kungoja mashine. Zinahitaji kumfundisha nesi wa kliniki hadi aweze kujaza ule ukurasa mwezi wa 18, na kumbandikia ukutani karatasi ya mahali pa kumtuma mama. Vyote viwili, maana kimoja bila kingine ni bure. Shirika la Afya Duniani linakadiria mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Kwa laini ndefu za kliniki zetu, hao watoto wako hapo benchi.

Mwezi jana anti alirudi kwa yule nesi wa kwanza, ile ya kuzibiwa masikio. Akampa barua aisome. Nesi aliisoma mpaka mwisho, akakaa kimya, akaomba aipige picha. Kuna mtoto mwingine, akasema, alimwona wiki iliyopita, na anajua kwao.

Kama nyumbani kuna mtoto mdogo, leo tafuta kijitabu chake cha kliniki ufungue ule ukurasa. Kama ni mweupe, nenda nacho kwa nesi umuulize kwa heshima. Kamera iache mfukoni.