Daudi Alichora Nyumba Ambayo Hakuijenga

Salamu kutoka Nyeri, ambako asubuhi ya leo mlima umefunguka wote na baridi ni ile ya kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili.

Leo nataka kuwaambia jambo lililonipata mimi mwenyewe. Nimeomba ruhusa ya binti anayehusika, naye amekubali mradi nisitaje jina lake. Ukimtambua, nyamaza tu.

Mnajua Jumatatu mimi hupumzika. Jumatatu moja ya Novemba nilikuwa nimepitia ofisini kuchukua miwani, binti huyu akabisha mlango akiwa na laptopu na bahasha kubwa ya michoro. Amekulia katika kanisa hili tangu shule ya Jumapili. Amesomea usanifu majengo, na sasa anaomba nafasi ya shahada ya uzamili ng'ambo. Nikadhani amekuja kutaka barua ya mapendekezo, kama wengi wenu mnavyokuja. Nikavuta karatasi yenye nembo ya kanisa.

"Hapana, Pasta," akasema. "Barua wananiandikia walimu wangu na bosi wangu. Mimi nimekuja kuomba ruhusa ya kutumia kanisa letu."

Alikuwa anaandaa potifolio. Kwa wale wasioijua, ni kijitabu cha kazi zako mwenyewe: michoro, picha za modeli, na maneno machache ya kueleza. Kwa anayetaka kusomea usanifu katika ngazi hiyo, alama za mtihani hazitoshi. Wanataka kuona jinsi unavyofikiri, na wanaona kwa kutazama ulichochora. Vyuo vingi huweka kikomo cha kurasa na cha ukubwa wa faili, kwa hiyo huwezi kumwaga kila kitu.

Akanifungulia. Alikuwa na miradi kumi na miwili, akabakisha mitano. Kulikuwa na kibanda cha kukaushia kahawa, alichokichora baada ya kukaa siku kadhaa na wakulima upande wa Othaya. Kulikuwa na vibanda vya soko, ambavyo kabla ya kuvichora alikwenda Karatina na futi ya kupimia, akapima nafasi ambayo mama mmoja wa mboga anaitumia kweli: anapoketi, anapoweka gunia, anapopita mteja. Kulikuwa na mradi wa kikundi wa chuoni, na chini yake ameandika wazi: tulikuwa wanne, mimi nilichora michoro ya mkato na kutengeneza modeli. Nilimuuliza kwa nini anajipunguzia sifa. Akasema, "Pasta, wakiniuliza juu ya sehemu ya mwenzangu nitasema nini?"

Picha za modeli zilikuwa safi kama za studio. Alizipiga kwenye veranda ya mama yake saa moja asubuhi, shuka jeupe nyuma, kabla jua halijawa kali.

Kisha akafika ukurasa wa mradi wa mwisho. Wapendwa, lilikuwa kanisa letu.

Wengine wenu mtakumbuka. Miaka minne iliyopita, tulipokuwa tukijenga, binti huyu alituchorea bure akiwa bado mwanafunzi. Alichora paa la mabati lililoinuliwa juu ya dari ya mbao, na nafasi katikati ya kupitisha hewa, ili joto la mchana lisitushukie na mvua isipige ngoma juu ya mahubiri. Alichora chumba cha kina mama wenye watoto wachanga, chenye dirisha la kioo la kutazama madhabahu. Na mlangoni alichora rampu, ile njia ya mteremko.

Kamati ya ujenzi ilikaa. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti. Nilisema, na maneno haya ni yangu, kwamba michoro hiyo ni mizuri lakini ni ya watu wenye pesa. Fundi alituambia anaweza kutumalizia kwa bei nafuu bila hayo mambo mengi. Tukamshukuru binti kwa makofi Jumapili, tukajenga bila mchoro wake.

Sasa kwenye kijitabu chake kurasa mbili zilitazamana. Upande wa kushoto ulikuwa mchoro wake wenye rampu. Upande wa kulia ilikuwa picha aliyoipiga Jumapili moja kabla ya ibada: ngazi zetu sita, na vijana wawili wamembeba cucu wetu, mmoja ameshika mabega, mwingine magoti. Uso wa cucu hauonekani. Unaonekana mkono wake tu, ameshika kitenge kisifunuke. Chini kuna maneno matatu: "Mchoro wangu haukujengwa."

Nimemwona cucu akibebwa kila Jumapili kwa miaka minne. Nilikuwa nikimsifu Mungu kwa upendo wa vijana wetu. Sikuwahi kuutazama ule mkono.

Na bado, wapendwa, neno la kwanza lililonitoka lilikuwa hili: "Hiyo picha iondoe. Inatuaibisha."

Alinyamaza kidogo. Akasema, "Sawa, Pasta." Akabonyeza, picha ikaondoka. Akafunga laptopu, akanishukuru, akaenda zake.

Usiku huo sikulala. Mvua za Novemba mnazijua. Ilipiga mabati ya nyumba yangu hadi nikaona kana kwamba inaniuliza swali. Mwishowe nikaamka, nikafungua Biblia nilipokuwa nimeachia, 1 Mambo ya Nyakati sura ya 28. Nimeihubiri sura hiyo mara nyingi kwa ajili ya Sulemani. Usiku ule nilimwona Daudi.

Daudi aliitamani sana ile nyumba, lakini Mungu alimwambia hataijenga yeye. Akafanya nini? Alimkabidhi mwanawe mchoro wote: ukumbi, vyumba vya juu na vya ndani, hazina, nyua, hata uzito wa dhahabu wa kila kinara. Mchoro wa nyumba ambayo hangeijenga! Na hakuna mahali Maandiko yanapouita mchoro huo kazi bure. Daudi mwenyewe alisema aliupokea kutoka kwa mkono wa Bwana.

Nami nilikuwa nimempokonya binti mdogo nafasi ya kuonyesha mchoro wake ulivyokataliwa, kwa sababu aliyeukataa ni mimi.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikampigia simu. Nikamwambia, "Mami, irudishe ile picha. Na unisamehe." Kimya. Kisha nikasikia analia, na mimi nikalia. Akaniambia kwamba alikuwa ameshaurudia ukurasa ule mara tatu usiku, na kila mara ulikuwa umekuwa mradi wa mtu mwingine.

Jioni alikuja nyumbani na mama yake. Alimwomba pia cucu ruhusa, maana picha ni ya cucu kabla ya kuwa yetu. Cucu akacheka, akasema ipelekwe ng'ambo wakaone jinsi anavyobebwa kama bibi harusi. Kisha akasema polepole kwamba Jumapili nyingine husingizia magoti yanauma zaidi, ili asiende. Ni haya ya kushikwa miguu mbele ya watu.

Sikujua. Mimi ni mchungaji wake, na sikujua.

Siku hiyo binti alinisimulia habari za Francis Kéré wa Burkina Faso. Kijijini kwao Gando hapakuwa na shule. Alikwenda Ujerumani kwa ufadhili wa kujifunza useremala, baadaye akasomea usanifu Berlin. Akiwa bado mwanafunzi alichangisha fedha, na mwaka 2001 shule ya Gando ikasimama: kuta za matofali ya udongo, na paa la bati lililoinuliwa juu ya dari ili joto litoke. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kuliko zote katika fani hiyo. Hapa kwetu Kenya amejenga kituo cha vijana kando ya Ziwa Turkana. Nilipouliza paa la Gando linafananaje, binti alinionyesha picha, nikainamisha kichwa. Lilikuwa ndugu wa lile tuliloliita la watu wenye pesa.

Kijana unayesoma hapa na unaandaa maombi kama yake, chukua haya kutoka kwa mzee asiyejua kuchora hata meza. Chagua kazi chache ulizo na uhakika nazo. Onyesha na majaribio yako ya kwanza, hata yaliyokosea. Andika ukweli kuhusu ulichofanya wewe na walichofanya wenzako. Mpe mtu asiye wa fani yako asome, uone anakwama wapi. Na mtu mwenye cheo akikuambia uondoe ukurasa kwa sababu unamwumiza yeye, mheshimu, lakini uombee kwanza kabla ya kubonyeza.

Na mzazi, mwalimu, mtumishi mwenzangu: watoto wetu wanatuchorea mambo. Tukiyakataa, tuwe na hakika kwamba kweli ni bajeti.

Binti alituma maombi yake Desemba. Majibu yanatarajiwa Machi. Naomba akubaliwe, na nimemwambia hata asipokubaliwa, mchoro wake umeshafanya kazi mahali pamoja.

Maana kamati imekaa tena. Ngazi zetu zimepanda sentimita 90. Binti ametufundisha kwamba kila sentimita moja ya kupanda inahitaji kumi na mbili za kwenda mbele, ili kiti cha magurudumu kipande bila kumchosha anayesukuma. Hiyo ni karibu mita kumi na moja. Itapita pale penye maua, mama zangu wa maua mnisamehe. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilikwisha kusema watu hawa wana haki ya mazingira yasiyo na vizuizi. Sisi wa nyumba ya Mungu tumechelewa nyuma ya serikali.

Jumamosi hii saa mbili asubuhi tunachimba msingi. Njoo na jembe, sururu au toroli. Kina mama wa jikoni, githeri. Binti atakuwepo na mchoro wake. Mimi nitakuwa na koleo, na safari hii si mwenyekiti.

Tuombe. Baba, tusamehe yale tuliyoyaona kila Jumapili bila kuyatazama. Bariki mikono ya watoto wetu wanaochora nyumba ambazo hatujazijenga. Na utupe magoti mepesi ya kukubali kosa mapema. Katika jina la Yesu. Amina.

Tukutane Jumamosi. Mungu awabariki.